Nilimwacha Shemeji Yako Mlimani

Nyumba za Watumishi, Na. 6,
Lango la Kusini,
S.L.P. 41.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu, Kiguu na Njia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. U hali gani huko uliko? Kiuno kimepona? Ulisema wazee unaowahudumia ni wazito na kuwageuza kitandani kunakuvunja mgongo. Tafadhali piga goti kwanza ndipo unyanyue, usiiname tu kama unaokota kijiko. Mama anauliza kama unakula vizuri. Nimemjibu kwamba unakula, ingawa sijui, kwa hiyo niandikie nisije nikawa mwongo. Uongo umenigharimu mwaka huu, utaona.

Sisi huku hatujambo. Mama yuko kwa kaka. Presha imeshuka, ulimi haujashuka. Binti yangu yuko darasa la mwisho na anasoma kila anapokumbuka. Shemeji yako ni mzima wa mwili. Nimesema wa mwili.

Naandika nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi. Nikikaa kitini, baada ya mistari miwili najikuta niko mlangoni, na sijui nimefuata nini. Wiki hii nimehamisha kabati mara tatu. Binti aliniuliza, "Mama, kwani hilo kabati limekukosea nini?" Nikamwambia akaoshe vyombo.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana nisipokueleza wewe sioni mwingine wa kumweleza.

Unajua miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile chumba kidogo cha lango la hifadhi, nikiwaandika wapandaji wa mlima: jina, umri, anakotoka, sababu ya kupanda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Waongoza wageni wananiita Mama Daftari. Kila anayeingia nilimpa maneno mawili matatu ya kumsaidia. Beba maji ya kutosha. Msitu unateleza. Mianzi ni nusu saa tu, ukitoka kwenye mianzi njia inalainika. Maneno hayo niliyaokota kwa walioshuka, nikayaunga mwenyewe. Mimi nilikuwa sijavuka hata lile bango la kwanza lenye picha ya nyati.

Mwezi wa tano akashuka mama mmoja, mwalimu mstaafu, rika la mama yetu au pungufu kidogo. Matope yamemfika mapajani na fimbo yake imekatika. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Wewe ndiye uliyeniambia mianzi ni nusu saa?"

"Ndiyo, mama. Pole."

"Nimetembea kwenye hiyo mianzi saa mbili na robo. Hivi umewahi kufika huko, wewe?"

Nikamjibu bila hata kupepesa macho, "Mara nyingi, mama."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenakili mtihani. Akasaini, akaenda zake, na mimi nikabaki na kalamu mkononi, uso unaniwaka. Kuanzia siku ile, kila mpandaji aliposimama dirishani maneno yalikuwa yananikwama. Nikawa nawaambia tu, "Safari njema."

Mwezi wa saba ikaja barua kutoka makao makuu. Daftari linafutwa, wapandaji watajiandikisha wenyewe kwa simu kabla hawajafika. Mimi nihamie ofisi ya mjini, chumba cha mafaili, kuanzia mwezi wa tisa. Mkuu wa lango, ambaye si mtu mbaya, akaniita na kuniuliza kama nina ombi lolote kabla ya kuhama.

Nikasema, "Naomba kupanda."

Akakuna kidevu. "Kupanda cheo ni mambo ya makao makuu, mama. Mimi sina uwezo huo."

"Si cheo. Kupanda mlima."

Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanipa siku mbili, mwongozaji mmoja na askari mmoja wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati.

Nyumbani shemeji yako naye alicheka. Alikuwa karakanani analainisha mguu wa meza, akaiweka randa chini ili acheke vizuri. "Wewe? Wewe ambaye ukienda dukani unataka bodaboda ya kurudi?" Lakini aliponiona jioni nazunguka nyumba na viatu vipya ili vilainike, akaacha kucheka. Akasema hawezi kukaa nyumbani wakati mke wake yuko porini na wanaume wawili. Anakuja. Nikamwambia mlima ni mkali. Akanionyesha mikono yake. Mikono yake ni kweli ina nguvu, lakini nani kamwambia mlima unapandwa kwa mikono?

Tuliondoka Ijumaa iliyopita asubuhi. Nilijiandika mwenyewe daftarini, na mwongozaji, yule wanayemwita Mluzi kwa sababu midomo yake haitulii, akasimama nyuma yangu akinichungulia. Nilipofika kwenye sababu ya kupanda nikakwama. Wengine huandika utalii, utafiti, mazoezi. Mwisho nikaandika: kuhakikisha. Shemeji yako akachukua kalamu, akaandika chini yangu: namsindikiza mke. Askari alisoma akageukia pembeni kucheka.

Mdogo wangu, msitu ule. Nilidhani naujua kwa sababu nimeutazama kwa nje miaka yote hiyo. Ukiingia ndani mwanga unakuwa wa kijani, hata ngozi ya mtu inabadilika rangi. Mizizi imepanda juu ya ardhi imekuwa ngazi, tena ngazi za mjenzi mlevi, hii juu hii chini. Miti mikubwa imefuga ndevu za kijivu zinazodondosha maji hata kama mvua hainyeshi. Tope linakushika kiatu, ukivuta linatoa sauti ambayo mbele za watu ungeomba radhi. Kima walitufuata juu kwa juu, mmoja akamwangushia shemeji yako tunda bichi begani, na Mluzi akasema hiyo ndiyo karibu yao.

Tukaingia kwenye mianzi. Nikatazama saa. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima. Ni giza humo, mianzi imesongamana, upepo ukipita inagongana juu kama watu wanaopanga vikombe. Tulitembea saa mbili na dakika ishirini. Nilihesabu, na kila dakika nilimwona yule mwalimu. Tulipotoka, njia haikulainika hata kidogo. Ilisimama wima.

Mluzi akaniuliza, "Mama Daftari, vipi, umehakikisha?"

"Nimehakikisha kwamba nilikuwa mwongo," nikasema. Akapiga mluzi wake, tukaendelea.

Tulilala kwenye kibanda cha mapumziko kilicho juu ya mianzi, na saa kumi na mbili asubuhi tukaanza tena. Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Miti ilikwisha. Ikabaki majani magumu na mawe meusi mepesi, yana matundu kama mkate. Mluzi alituambia ni mawe yaliyochemka mlima ulipokuwa macho, zamani sana. Mimi nilikuwa napumua kwa shida lakini miguu inakwenda, inakwenda yenyewe, kama mtu ameitwa. Shemeji yako alikuwa nyuma. Alikuwa ameacha kutania tangu alfajiri. Nikamsikia anakohoa, nikageuka, nikamwona ameinama ameshika magoti, anatapika. Midomo imepauka. Akasema kichwa kinampasuka. Nikamshika mgongo, nikampa maji, akayatoa.

Mluzi alimwangalia macho, akamshika mkono, akamuuliza jina lake na siku ya leo. Akajibu vizuri. Mluzi akasema, "Ni urefu wa mlima tu, baba. Unashika wenye nguvu na wasio na nguvu. Dawa yake ni moja, kushuka. Askari atashuka na wewe polepole, mkifika msituni utakuwa mzima." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, kilele kiko dakika arobaini. Mgonjwa lazima ashuke. Wewe uko huru kuchagua."

Shemeji yako akainua uso akanitazama. Hakusema tushuke. Hakusema nenda. Alinitazama tu, na matapishi kwenye mkono wa sweta.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, mdogo wangu. Mtu huyu alinibeba mgongoni hadi zahanati nilipokuwa na mimba ya binti na barabara imekatika. Mke yeyote angeshuka. Mimi mwenyewe, ungeniuliza siku moja kabla, ningekwambia ningeshuka. Lakini nilisikia mdomo wangu unasema, "Shuka na askari. Mimi nafika juu mara moja."

Akasema, "Haya."

Unaijua "haya" ya mume wangu. Ina vyumba vingi, na hicho sikuwahi kuingia.

Nikapanda. Sikugeuka nyuma, kwa sababu nilijua nikigeuka sitapanda. Ukungu ukaanza kushuka, kwanza nikaona mgongo wa Mluzi, halafu mkoba wake tu, halafu mluzi wenyewe bila mtu. Kisha akasimama, akaniambia nilale kifudifudi. Akanishika kifundo cha mguu.

"Umefika. Shimo la volkano liko hapo mbele yako."

"Wapi?"

"Hapo hapo kwenye weupe."

Sikuona kitu. Weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa mbele ya uso. Niliangusha jiwe nikalisikia linagonga, linagonga, linagonga, halafu kimya. Tulingoja. Ukungu haukuondoka. Na unajua nililofikiria? Nilidhani nikifika nitatulia, nitashusha pumzi, niseme basi. Badala yake nikaona kijia chembamba kinachoelekea kushoto, kinafuata ukingo, nikamuuliza Mluzi kinakwenda wapi. Akasema kinazunguka tu, siku nzima, hakuna anayekitumia. Miguu ikaanza kuniwasha. Mume wangu anatapika njiani na mimi nataka kuzunguka!

Hapo ndipo hofu ilinishika. Nikasimama, nikasema tushuke haraka. Redio ya Mluzi ya kuwasiliana na askari ilikuwa imezima kwa baridi. Tulipofika kibandani, mablanketi yamekunjwa, hakuna mtu. Mluzi alisema ni dalili njema, ameweza kutembea. Mimi nikasema labda amebebwa. Nilishuka ile mianzi nikikimbia, nikaanguka mara mbili, goti moja bado limevimba. Kila kona nilidhani nitawakuta wamesimama juu ya kitu kilicholala.

Nilimkuta langoni. Amekaa kwenye benchi, miguu kwenye beseni la maji moto, mkuu wa lango anamkorogea chai. Uso umerudi rangi. Nikasimama mbele yake natiririka jasho na machozi, matope hadi kwenye nywele.

Akatazama saa yake. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Haya," akasema, akanywa chai.

Leo ni siku ya tano. Hanigombezi, ningefurahi angenigombeza. Ananiambia habari za asubuhi, ahsante kwa chakula, usiku mwema. Anaongea nami kama na mteja aliyekuja kuulizia bei ya mlango. Binti anatutazama kama anaangalia mpira ambao hakuna anayeupiga. Nimeomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alisema hakuna neno. Mara ya pili alisema, "Unaomba msamaha kwa lipi hasa?" nikababaika, kwa sababu nikitafuta ndani sioni kama najuta. Nilimwonea huruma, nilimwogopea, lakini kujuta sikukuti. Hilo ndilo linalonizungusha na makabati.

Na ndiyo maana nakuandikia wewe. Siku ulipoondoka, miaka kumi na miwili sasa, nilikufuata hadi kituoni na kukwambia mbele ya watu kwamba huna moyo, kwamba unamwacha Mama kama mzigo uliokushinda. Ulikuwa umeshika begi kifuani. Nikarudi nyumbani nikajiona mimi ndiye mwema. Nikawa najisifu kwa watu kwamba aliyebaki ni mimi. Mdogo wangu, sikubaki kwa wema. Nilikuwa sijawahi kuitwa tu. Nisamehe. Sijui kama wewe ulijuta, na kama ulijuta, ilikuchukua muda gani. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Naikatisha hapa, pasi imeunguza kitu.

Jumatatu, tarehe 13 Agosti

Nilikuwa sijaifunga bahasha, na imekuwa bahati, maana mambo yamesogea.

Ijumaa mkuu wa lango aliniita. Mzee anayetunza kile kibanda cha juu ya mianzi anastaafu mwisho wa mwezi, na kila aliyeombwa kuchukua nafasi yake amekataa kwa ajili ya baridi na upweke. Kazi ni kupokea wapandaji, kuwachemshia maji, kuwatazama nani anaumwa, kumzuia asiyefaa kuendelea. Siku nne juu, siku tatu nyumbani. Akasema, "Nimekukumbuka wewe, lakini sikulazimishi. Ukikubaliana na mumeo, barua ya mjini naifuta." Nilitaka kumjibu palepale. Nilijiuma ulimi nikasema nitampa jibu Jumatatu.

Nilikaa na habari hiyo siku mbili. Jumapili baada ya chakula binti alikwenda kwa rafiki yake. Tulibaki wawili. Shemeji yako alikuwa anachokonoa meno, ghafla akasema, bila kunitazama, "Hujaniambia. Kulikuwaje huko juu?"

Nilikuwa na maneno tayari. Miaka kumi na tisa ya maneno ya watu, machweo na mawingu chini ya miguu, ningeweza kumpa kilele kizuri kuliko chochote. Nikamwona yule mwalimu.

"Ukungu," nikasema. "Sikuona kitu."

"Hukuona kitu?"

"Weupe mtupu. Niliangusha jiwe nikalisikia, basi."

Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Yaani umeniacha natapika kama paka, kwa ajili ya ukungu!" Mimi nami nikashikwa, tukacheka wote kama watoto waliovunja sahani. Kisha akaacha kabla yangu.

"Na ungejua mapema kwamba ni ukungu mtupu, ungeshuka na mimi?"

Mdogo wangu, alikuwa ananiomba, najua. Alikuwa ameacha mlango wazi kabisa na mimi nipite. Nikasema, "Hapana. Ningepanda."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama fundi aliyepima akaona vipimo ni vile alivyohofia. Hakukasirika. Afadhali kujua, akasema. Nikaona bora nimalize yote, nikamweleza habari ya kibanda, siku nne juu, siku tatu chini. Nikamwambia akikataa nitakwenda mjini kwenye mafaili na sitamlaumu. Akauliza kama mimi nataka. Nikasema nataka mpaka miguu inauma.

"Haya," akasema. Akainuka, akavaa kandambili, akaenda karakanani siku ya Jumapili, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue.

Asubuhi hii nimemkuta ameshakata mbao. Zimelala sakafuni, nane, zimepigwa randa safi, na matundu ya skrubu yameshatobolewa. Nikamuuliza ni nini. Akasema vitanda vya kibandani ni takataka, alilala kimoja mbavu zikaimba, na mke wake hatalala kwenye kitu kama kile. Ameigawa kazi vipande vipande ili ibebeke mgongoni. Mluzi na wenzake watapanda navyo, huko juu nitafunga skrubu mwenyewe, na akanionyesha jinsi ya kufunga. Nilishika ubao mmoja, laini kama shavu la mtoto. Nikataka kulia.

Kisha nikautazama upana wa kitanda chenyewe. Nikapima kwa mkono. Futi mbili na nusu, haizidi.

"Mbona cha mtu mmoja?" nikamuuliza.

Alikuwa anapuliza vumbi la mbao kwenye mikono. "Kwani huko juu mtakuwa wangapi?"

Nimemtazama usoni nione kama ni utani au ni kisu. Nimeshindwa kusoma. Aliendelea kupuliza mikono muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Nimetoka nikaenda kwa mkuu wa lango, nikampa jibu: nakwenda. Naanza kazi tarehe mosi. Tangu hapo nimehamisha kabati tena.

Mama anakusalimu na anasema utume picha unayoonekana miguu, anataka kujua kama umenenepa. Kaka anakusalimu na mke wake. Binti anasema "shikamoo, Mama Mdogo," na ameniambia niandike kwamba sasa nyumba ina wazururaji wawili. Shemeji yako nimemuuliza nikuambie nini. Akasema nikuambie hajambo, na kwamba urudi uje umsaidie kumtazama dada yako. Msalimie sana yule dada unayeishi naye.

Mungu akulindie kiuno chako, akulindie na hiyo miguu isiyotulia, na popote itakapokufikisha akukutanishe na watu wema. Barua yako ukiituma itapanda hadi kibandani. Nimeshapanga na Mluzi.

Ni mimi, akupendaye na aliyechelewa kukuelewa,

Dada yako.